Mkono Uliozoea Kupiga

Harusi ilikuwa ya watu wenye uwezo wao, huko Kartasura, saa tano za asubuhi. Wapambaji walikuwa wameziba mlango wa kulia kwa maua, basi binti mchezaji akalazimika kutokea wa kushoto. Hilo tu ndilo lililobadilika. Binti akaingia, akasimama mahali pake, akaurusha mtandio wake begani. Ngoma, ambayo kazi yake yote ni kuufuata mtandio ule, haikulia.

Ngatinah alikuwa ameketi pamoja na waimbaji wenzake, hatua mbili nyuma ya ngoma. Alimwona mumewe Sagiyo ametulia, uso umekunjuka, macho mbele, viganja juu ya ngozi, anangoja mchezaji aingie. Mchezaji alikwisha kuingia. Mtandio ukarushwa mara ya pili, na tabasamu likaanza kumgandia binti wa watu usoni. Ngatinah akakohoa. Ndipo Sagiyo akashtuka, akapiga, na gamelan nzima, vyombo vyote vya shaba, ikamfuata. Wageni waliokuwa wakila wali wao hawakugundua kitu.

Wapigaji waligundua. Ilipofika zamu ya chai, Pranowo, mwenye kundi, alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mzee Sagiyo, leo umemfanya yule binti arushe mtandio utadhani anafukuza nzi!"

Wote wakacheka, na Sagiyo akacheka kuwapita. "Nilikuwa namfundisha subira," alisema. "Mabinti wa siku hizi wana haraka mno."

Baada ya chai ulifuata wimbo wa Ngatinah, ule ambao mwimbaji huuimba peke yake kabla ya kundi kuingia. Sisi kwa lugha yetu huuita bawa. Hauna mapigo. Mwimbaji anavuta neno atakavyo, anapumua atakapo, na ngoma inakaa kimya mpaka neno la mwisho litue. Mpigaji atakayegusa ngozi kabla ya hapo atachekwa mpaka siku ya maziko yake. Hapo Sagiyo hakukosea. Mkono wake ulingoja, sauti ilipotua ukaingia, na Ngatinah akajiambia lile alilokuwa akijiambia kwa miaka mitatu, kwamba mume wake ni mzima.

Walipokuwa wakipakia vyombo kwenye gari, Pranowo alimvuta Ngatinah pembeni. "Mama, Jumamosi ijayo Mzee apumzike kidogo. Kuna bwana mmoja wa Klaten amejitolea."

"Apumzike kwa siku ngapi?"

"Apumzike tu, Mama."

Sisi watu wa Solo hatumfukuzi mtu kazi. Tunampumzisha, tunamshika mkono kwa heshima zote, tunamwulizia wajukuu, naye anafika nyumbani ndipo anagundua kuwa hana kazi. Ngatinah alikuwa mtu wa Solo. Akainamisha kichwa, akasema ahsante.

*

Hakumwambia. Siku nne nzima alilimeza neno la Pranowo, akaendelea na mambo yake madogo ya kila siku. Glasi ya chai aliiweka kulia kwa mumewe, kamwe si kushoto. Baiskeli aliihamisha kutoka upande wa kushoto wa mlango baada ya Sagiyo kuiangusha mara ya tatu. Wakitembea njiani, yeye hukaa kushoto, upande wa mtaro. Hakuna aliyemtuma, wala hawakuwahi kuyataja hayo. Ndoa ya miaka thelathini na minane ina mambo mengi ambayo watu huyafanya pasipo kuyasema, na Ngatinah aliyaita mapenzi.

Miaka mitano iliyopita, presha ya macho ya Sagiyo ilipogunduliwa, hospitali moja kubwa ya mjini ilikuwa ikitafuta wagonjwa wa utafiti. Siku ileile walipomtoa mtoto wa jicho, walimtia katika kila jicho kijibomba kidogo kuliko punje ya ufuta, cha kuondoa maji yanayolisukuma jicho kwa ndani. Hakulipa rupia hata moja. Kesho yake walipomfungua bandeji alisoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, akalia kwa furaha. Dokta Hapsari, mwanamke kijana aliyemfanyia kazi hiyo, akalia pia. Akasema dawa ya matone ataendelea nayo, tone moja kila jioni, na kila mwaka atakuja kupimwa, kwa sababu utafiti ulitaka kujua vijibomba vile vitakuwa na hali gani baada ya miaka mitano.

Neno la matone Sagiyo alilisikia kwa sikio moja. "Nyumba ikishawekwa bomba, nani anachota tena kwa ndoo?" aliwaambia majirani, nao wakacheka, na watatu kati yao wakaenda kujiandikisha.

Jumatano jioni, siku moja kabla ya kipimo cha mwaka wa tano, Ngatinah aliikuta chupa ya dawa kando ya radio. Akaitikisa sikioni.

"Baba Ratri, chupa hii ni ya mwezi wa nane. Imejaa."

"Si natia?"

"Unatia tangu Ijumaa."

"Basi natia."

"Na kabla ya Ijumaa?"

"Mama Ratri, kipimo ni kesho. Ndiyo maana natia." Alisema hivyo bila aibu, kama watu wanaopaka ukuta chokaa kwa kusikia mkuu wa wilaya atapita.

"Kesho mwambie Dokta ukweli."

"Nimwambie nini? Yule binti alinifanyia bure. Kila nikienda ananishika kwa mikono miwili, ananiita Mzee wangu wa kumi na saba, kwa namba yangu ya utafiti. Mwezi ujao anakwenda Semarang kuwasomea madaktari wenzake majibu ya utafiti, anataka nisimame mbele yao nipige ngoma waone. Leo nimwendee niseme, mwanangu, kazi yako imeharibika?"

"Kwani imeharibika?"

 Sagiyo alinyoosha mkono kuchukua kipande cha tempe, soya ya kukaanga, vidole vikagonga ukingo wa sahani, kipande kikadondoka mkekani.

"Umeihamisha sahani," alisema.

Sahani ilikuwa pale ilipokuwa siku zote. Ngatinah aliokota kipande kile, akakipangusa, akakiweka mkononi mwake. Moyo ulimuuma, na kwa mara ya kwanza alijikasirikia yeye mwenyewe. Miaka mitatu alikuwa akimsogezea dunia upande wa kulia, naye mzee akaona dunia yote iko sawa.

*

Hospitalini mambo yalianza vizuri, kama kila mwaka. Dokta Hapsari alikuja mwenyewe mpaka kwenye mabenchi, akamshika Sagiyo kwa mikono miwili. Alimpima presha ya macho, akasoma, akapiga kofi dogo la furaha.

"Kumi na saba! Mzee wangu wa kumi na saba ana presha kumi na saba. Unatia matone yako?"

"Natia, Dokta."

"Kila siku?"

"Jana nimetia, juzi nimetia," alisema Sagiyo, na huo haukuwa uongo.

Daktari alimgeukia Ngatinah. "Mama, picha ya mshipa wa jicho mwaka jana ilionyesha umekonda kidogo. Nikasema aa, mashine hizi nazo. Maana kipimo cha upana wa kuona kilitoka kizuri mno! Wagonjwa wangu wengine nawatamania kipimo kama cha Mzee." Alisema hivyo akitabasamu kama msichana aliyepewa cheti, na Ngatinah akaona kwa nini mumewe hawezi kumwambia kitu.

Kipimo hicho cha upana wa kuona kilifanywa chumba cha mwisho. Miaka yote Ngatinah alikuwa akingoja nje. Safari hii kipoza hewa kilikuwa kimeharibika, na kaka Bram, mpimaji, alikuwa ameuacha mlango wazi akabaki kuvuta pazia tu. Ngatinah alipewa kiti kando ya pazia lile.

Kazi yenyewe ni rahisi. Mgonjwa anaweka kidevu kwenye mashine, anakaza macho katikati ya bakuli jeupe, jicho moja limezibwa. Vitaa vidogo vinawaka huku na huku kwa kificho. Akikiona kitaa, anabonyeza kitufe. Mashine ile ilikuwa kuukuu, na kila ilipotaka kuwasha kitaa ilitoa mlio mdogo tumboni mwake.

Tk, ilisema mashine. Kitufe kikajibu, ta. Tk, ta. Tk, ta.

Ngatinah alikuwa akikunja kanga yake magotini, hasikilizi. Halafu akaanza kusikiliza. Tk, ta, tk, ta, na kila pigo la nane, mkono unapumzika kidogo, mahali ambapo gongo kubwa la shaba hulia. Kisha tena. Wakati mmoja mashine ilinyamaza, haikuwasha kitu, na kitufe kikalia vilevile, mahali pake hasa, bila kuchelewa.

Akaiacha kanga. Mtu anayeona vitaa hubonyeza kwa kuchelewachelewa, hiki upesi, kile kwa shaka. Huyu hakuwa akiona. Alikuwa akipiga ngoma.

Watu wengine wangekaa pale mwaka mzima wasisikie. Ngatinah alikuwa ameimba mbele ya mkono ule tangu akiwa msichana. Kila mwaka, nyuma ya mlango uliofungwa, mumewe alikuwa akiusikia mlio wa mashine na kuushika mwendo, na karatasi ikatoka nzuri, na daktari akafurahi.

Mashine ililia kwamba jicho la kulia limekwisha. Bram alichomoa karatasi, akaitazama, akakuna shingo.

"Vizuri, Mzee. Tunahamia jicho la kushoto."

Ngatinah alivuta pazia. "Kaka, hiyo karatasi inasema nini hapo pembeni?"

Bram alishtuka. "Hapa? Aa, Mama, hapa mashine inasema amebonyeza mara nyingi hata pasipokuwa na taa."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana pia." Bram alipunguza sauti. "Nilidhani Mzee ana hamu tu. Ningemwambiaje mtu mzima kama huyu arudie, kama mwanafunzi? Nikaona si adabu."

Ndivyo tulivyo. Mzee hakutaka kumvunja moyo daktari, mpimaji hakutaka kumwaibisha mzee, daktari aliiamini karatasi aliyoipenda, na mke akahamisha baiskeli. Watu wanne wenye adabu zao nzuri, na katikati yao macho ya mtu yanakwisha.

"Naomba nikae humu ndani," alisema Ngatinah. "Naomba nimwimbie."

"Mama, humu panatakiwa kimya."

"Sitamgusa, wala sitasema kitu. Nitaimba chini kwa chini."

Sagiyo alitoa kidevu chake kwenye mashine. Masikio yalikuwa mekundu. "Mama Ratri, mbele za watu? Unaniaibisha."

Angeweza kumwambia pale pale, umeshika mwendo wa mashine, umetudanganya miaka yote hii. Maneno yalikuwa ulimini. Alimtazama, shati lake la batiki la kwendea hospitali, mikono yake mikubwa juu ya magoti, akaona kwamba akiyasema hayo mbele ya Bram, mtu huyu hatarudi hospitalini tena maisha yake yote.

"Hii ni bawa, Baba Ratri," alisema taratibu. "Umesikia? Bawa. Mkono ungoje."

 Uso wa Sagiyo haukubadilika, lakini mkono ulioshika kitufe ulishuka polepole ukalala pajani. Akarudisha kidevu mahali pake. Bram alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na kwa kuwa hakuelewa kitu akaona adabu ni kuiwasha mashine.

Ngatinah akaimba.

Alilivuta neno la kwanza mpaka likaufunika mlio wa mashine. Tk, chini ya sauti yake. Tk. Kitufe hakikulia. Aliimba neno la pili, akapumua, akangoja. Tk. Ta, kwa kuchelewa, kwa shaka, pigo baya ambalo Sagiyo hangelipiga katika harusi yoyote. Ngatinah alilipenda pigo lile kuliko yote aliyowahi kuyasikia kwake. Kimya tena. Tk, tk, tk, mashine inauliza, na mkono umelala.

Alifika mwisho wa ubeti, akakumbuka jambo lililomtoa jasho. Neno la mwisho likitua, ngoma huingia. Hivyo ndivyo mkono ule ulivyofunzwa kwa miaka arobaini, na hata mwenyewe asingeweza kuuzuia. Basi hakulitua. Alipanda tena, akaurudia ubeti tangu katikati, kosa ambalo mwimbaji mwanafunzi angechapwa kwalo. Akaurudia tena.  Kitufe kililia mara moja, kikanyamaza muda ambao mtu angeweza kumwaga chai glasi tatu. Machozi yalimtoka akiwa katikati ya neno, akaendelea nayo, maana bawa ina nafasi ya kila kitu isipokuwa kusimama.

Mashine ikalia kwamba imekwisha. Ngatinah alikata wimbo hapo hapo, neno la mwisho likiwa bado mdomoni.

Karatasi ilitoka. Bram hakuchelewa kuitazama safari hii. "Mungu wangu," alisema, akatoka nayo mbio kumwita daktari.

*

Dokta Hapsari aliamuru jicho la kulia lirudiwe, na Ngatinah akaimba tena, daktari mwenyewe amesimama mlangoni. Kisha aliziweka karatasi mbili mezani. La kulia lilikuwa limeliwa pembeni. La kushoto lilikuwa jeusi karibu lote, pamebaki kidirisha katikati, cha kusomea gazeti.

"Mzee wangu," alisema. Alinyoosha mkono wake kushoto, mbali kidogo na uso wa Sagiyo, akacheza vidole. "Unauona mkono wangu?"

Ngatinah alikiona kinywa cha mumewe kikijitayarisha kwa lile neno lake la miaka yote, ndiyo Dokta, laini, pamoja na kuinamisha kichwa. Kinywa kilifunguka.  Kikafungwa, kikafunguka tena.

"Hapana," alisema Sagiyo.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa pili."

Ngatinah alishika ukingo wa meza. Alidhani anamficha mumewe jambo asilolijua. Kumbe alijua. Kila glasi iliyowekwa kulia, kila safari ya kando ya mtaro, alijua, na akamwacha aendelee kwa sababu hakutaka kumhangaisha.

"Nisamehe, Dokta," alisema Sagiyo. "Nimekuharibia utafiti wako. Dawa nayo nilikuwa natia nikikaribia kuja tu. Nilidhani bomba linatosha, halafu nilipoona halitoshi, nikaona haya."

Daktari alikaa. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa ikiwa bado chafu. "Kijibomba kipo palepale, Mzee. Hakikuziba. Lakini kilikuwa cha kusaidiana na dawa, na kwa jicho kama lako hata vyote viwili pengine visingetosha. Ningelijua mapema ningekufanyia upasuaji mwingine. Picha iliniambia mwaka jana. Mimi ndiye sikutaka kusikia."

"Sasa je?" aliuliza Ngatinah.

"Kilichokwenda hakirudi, Mama. Kilichobaki tutakipigania. Ni upasuaji mkubwa, wa kisu hasa, wiki ijayo, kushoto kwanza. Siwezi kuahidi. Safari hii siahidi kitu."

"Na Semarang?" aliuliza Sagiyo kwa sauti ndogo.

"Nitakwenda. Nitawasomea na hii." Aliikunja karatasi nyeusi mara moja, akaiweka juu ya faili. "Ngoma usije nayo."

*

Walingoja dawa kwenye benchi la nje ya duka la dawa. Ngatinah alikuwa ameketi kushoto kwake, kwa mazoea. Hapo ndipo alipomwambia pia habari ya Pranowo na yule bwana wa Klaten, kwa kuwa siku ilikwisha kuharibika na hakutaka kubakisha kitu. Sagiyo alitikisa kichwa mara kadhaa. 

"Yule wa Klaten ana mkono mzuri," alisema. "Anakimbia kidogo, lakini mzuri."

Watu walikuwa wakipita mbele yao na karatasi zao. 

"Mbona hukumaliza wimbo?" aliuliza Sagiyo.

"Ningemaliza, ungeingia."

"Ningeingia," alikubali. Alicheka kidogo, akajifuta macho kwa nyuma ya kiganja. "Malizia sasa. Unanikera, umeuacha unaning'inia."

Ngatinah alitazama huku na huku kwa aibu. Kisha akaliimba neno la mwisho, chini kabisa, akalitua mahali pake. Mikono ya Sagiyo haikuondoka magotini.

"Haya," alimwambia. "Ingia."

"Subiri kwanza," alisema Sagiyo. "Natazama."

Akaanza kukigeuza kichwa kushoto, kichwa chote na mabega yake, polepole, kupita benchi, kupita begi la dawa, kupita bega la kanga, mpaka akampata.